Barakoa ni ya Mgonjwa, Si ya Mpelelezi

Wagonjwa wangu wengi hawaniulizi kama wataamka. Hilo wamemwachia Mungu kabla hawajafika kwangu. Wanachoniuliza, tena kwa sauti ya chini baada ya kuhakikisha mke au mume ametoka kidogo, ni hiki: "Daktari, mkinipa hiyo nusu kaputi, nitaropokwa?"

Mimi ni afisa wa tiba niliyesomea kazi ya usingizi. Ninafanya kazi katika hospitali ya wastani upande wa Eastlands, hapa Nairobi. Kazi yangu ni kumlaza mtu, kumlinda akiwa hajijui, kisha kumrudisha. Swali hilo nimelijibu mara nyingi, na jibu langu halibadiliki. Ukiwa umelala sawasawa huwezi kuongea: kooni mna mpira wa hewa, na akili yenyewe haipo. Maneno hutoka wakati wa kuamka, na maneno hayo si ya kutegemewa. Nimemsikia mwalimu mstaafu akiita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, akiwa na hakika yuko bomani kwa babake. Nimemsikia muuza mbao wa Gikomba akibishana bei na mteja asiyekuwepo. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma alilia akisema amemuua kaka yake, akaomba apelekwe polisi. Kaka yake alikuwa nje kwenye benchi na thamosi ya uji mapajani, akimsubiri.

Si zamani sana tulimpokea kijana aliyepigwa risasi pajani. Aliletwa amefungwa pingu kitandani, na afisa mmoja wa polisi alikuwa akimlinda. Upasuaji ulipoisha tukampeleka chumba cha kuamkia. Afisa akavuka mstari mwekundu wa thieta na viatu vyake vya barabarani, simu mkononi imeshawashwa kurekodi, akasimama kichwani pa mgonjwa. Nilipomwambia atoke alishangaa, wala hakunikasirikia. "Sista," akaniambia kwa upole, "nasikia mtu akitoka kwa nusu kaputi hawezi kudanganya. Dakika tano tu."

Nilimtoa. Mlinzi wa hospitali alinisaidia, na msimamizi wetu wa wauguzi alisimama nami, Mungu ambariki. Lakini maneno ya afisa yule yalinikera kwa siku nyingi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba fikira iliyozunguka dunia kwa zaidi ya miaka 100, ikapita mikononi mwa watu wa tiba kama mimi, na serikali kubwa ziliigharamia. Nikaanza kusoma. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyapata, na msimamo wangu juu yake.

Fikira yenyewe ilianzia kwenye uzazi. Mwaka 1916, katika mji mdogo wa Ferris, Texas, daktari aitwaye Robert House alikuwa akiwapa akina mama skopolamini ili wasihisi uchungu wa kujifungua. Akaona kwamba mama aliyekuwa hajitambui aliweza kujibu swali la kawaida kwa usahihi. Mwaka 1922 akaipeleka dawa hiyo kwa wafungwa wawili wa jela ya Dallas. Wote wawili walikana makosa waliyoshtakiwa, na yeye akatoka pale akiamini kwamba mtu aliyepewa dawa ile hawezi kusema uongo. Nimelisoma hilo zaidi ya mara moja. Watu wawili walisema "si mimi", na hilo likawa ndilo jaribio lenyewe.

Kisha gesi ikaingia. Mwaka 1929, Wisconsin, madaktari Loevenhart, Lorenz na Waters waliwavutisha kabonidayoksaidi iliyochanganywa na oksijeni wagonjwa wa akili waliokuwa wameganda, wale wasiosema wala kusogea. Baadhi yao wakafungua macho na kuzungumza. Walisema kwa dakika chache, wakajibu maswali, kisha wakarudi kwenye ukimya wao. Najaribu kuwaza hali ilivyokuwa wodini siku hiyo. Muuguzi aliyemlisha mtu kwa kijiko bila kupata neno, ghafla anamsikia akiongea. Ningekuwapo ningelia. Siwalaumu watu wale. Walikuwa wakitafuta mlango wa kumfikia mgonjwa wao, na ule mlango ulikuwa wa kweli hata kama ulijifunga upesi.

Aliyeifanya tiba hiyo ijulikane ni Ladislas Meduna, mzaliwa wa Budapest. Huyu ndiye aliyeanza mwaka 1934 kutibu ugonjwa wa akili kwa kusababisha degedege, kwanza kwa kafuri, baadaye kwa dawa iliyoitwa Metrazol. Alihamia Marekani, akafanya kazi Chicago, na mwaka 1950 akatoa kitabu kizima kuhusu tiba ya kabonidayoksaidi. Mchanganyiko wake ulikuwa asilimia 30 kabonidayoksaidi na asilimia 70 oksijeni. Mgonjwa alivaa barakoa akavuta pumzi 20, 30, wakati mwingine zaidi, mpaka akapoteza fahamu. Meduna aliamini ilisaidia wasiwasi sugu na hata kigugumizi. Wagonjwa wake walisimulia mwanga mkali, kuanguka shimoni, kuona kifo kikija, wengine furaha isiyo na maelezo. Baadaye majaribio ya kulinganisha yalipofanywa kwa utaratibu, tiba hiyo haikuonyesha faida ya kutosha, ikaachwa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu gesi hii naijua. Naitazama kila siku kwenye skrini.

Hewa tunayovuta mtaani ina kabonidayoksaidi ya takriban asilimia 0.04. Tunayoitoa mapafuni ina kama asilimia 4 au 5. Kwenye mashine yangu kuna mkebe wa chokaa ya soda, punje nyeupe ambazo kazi yake ni kuinyonya gesi hiyo kutoka kwenye pumzi ya mgonjwa ili isimrudie. Punje zikigeuka zambarau najua zimechoka, nazibadilisha. Nisipozibadilisha, namba kwenye skrini inapanda, mapigo ya moyo yanapanda, jasho linamtoka mtu aliyelala fofofo. Asilimia 30 ya Meduna ni mara 6 au zaidi ya kile ambacho mwili wako wenyewe unakitupa nje kama taka.

Sasa tazama jambo hili. Mchanganyiko ule ulikuwa na oksijeni asilimia 70, na hewa ya kawaida ina asilimia 21 tu. Maana yake mgonjwa wa Meduna alikuwa na oksijeni zaidi ya mara 3 ya hii unayovuta ukisoma hapa. Hakukosa hewa. Lakini kila kiungo chake kilimwambia anakufa. Kinachotutia hofu ya kukosa pumzi kwa kiasi kikubwa ni kabonidayoksaidi ikizidi, zaidi kuliko oksijeni ikipungua. Gesi hiyo ikiyeyuka damuni inaifanya damu iwe na asidi, na vipokezi vilivyoko kwenye shina la ubongo vinapiga kelele: vuta, vuta, vuta. Zuia pumzi yako sasa hivi uhesabu. Ile haja inayokulazimisha ufungue kinywa ndiyo hiyo, ikiwa bado ndogo.

Mwaka 2013 watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Iowa waliandika kuhusu watu 3 ambao sehemu ya ubongo inayohusika na woga, amigdala, ilikuwa imeharibika pande zote mbili. Mmoja wao ni mwanamke anayejulikana katika utafiti kwa herufi S.M., ambaye nyoka, buibui, hata mtu mwenye silaha, hawakumtisha. Walipovuta pumzi moja ya kabonidayoksaidi ya asilimia 35, wote 3 walishikwa na kiwewe. S.M. alionja woga wa namna ambayo hakuwa ameujua tangu utotoni. Kwa hiyo gesi hii inapita chini ya ujasiri. Haina haja na moyo wako mgumu wala kiapo chako. Inazungumza na sehemu ya mwili iliyokuwapo kabla ya yote hayo.

Na haiachi kovu. Ukimaliza, unaondoa barakoa, mtu anapumua hewa ya kawaida, na baada ya muda mfupi damu yake imerudi sawa. Daktari wa mahakama akimpima kesho yake hataona kitu. Hakuna mchubuko, hakuna mfupa uliovunjika, hakuna alama ya kamba. Kwa mtu anayetaka kumtesa mwenzake na kukana, ni kifaa kamili. Mimi nashika vifaa vya aina hiyo kila asubuhi, na nimeona ni lazima niliseme hili waziwazi.

Serikali ya Marekani ililiona mapema. Februari 1949, Kardinali Mindszenty, kiongozi wa Kanisa Katoliki nchini Hungary, alisimama mahakamani Budapest akakiri mambo makubwa ya uhaini, macho yake yakiwa kama ya mtu asiyekuwapo. Maafisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, waliomtazama waliogopa kwamba upande wa Wakomunisti ulikuwa umepata njia ya kuingia akilini mwa mtu. Mwaka 1950 wakaanzisha mradi wa siri ulioitwa BLUEBIRD, mwaka 1951 ukabadilishwa jina ukawa ARTICHOKE. Tarehe 13 Aprili 1953 mkurugenzi Allen Dulles akaidhinisha mradi mkubwa zaidi, MKULTRA, chini ya mwanakemia Sidney Gottlieb. Katika hati za ARTICHOKE zilizokuja kufunguliwa, gesi zinatajwa pamoja na dawa, hipnosisi na mshtuko wa umeme kama mambo ya kuchunguzwa kwa ajili ya mahojiano. Hati moja ya Januari 1952 inauliza kama inawezekana kumdhibiti mtu hadi atende wanayotaka kinyume na hiari yake, hata kinyume na silika ya kujiokoa.

Wengi wamesikia habari za LSD, dawa inayomfanya mtu aone yasiyokuwapo, na za Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi aliyepewa dawa hiyo bila kujua akafa Novemba 1953 kwa kuanguka kutoka dirisha la hoteli New York. Ni kisa cha kuhuzunisha na familia yake iliombwa radhi na Rais Ford mwaka 1975. Lakini mimi ninachokiona zaidi ni mfumo wenyewe. Mwaka 1977, baada ya mkurugenzi wa CIA Richard Helms kuagiza faili za MKULTRA ziharibiwe mwaka 1973, bado yalipatikana maelfu ya kurasa za hesabu za fedha. Zilionyesha miradi midogo 149, na fedha zilizoingia kwenye vyuo vikuu 44, hospitali au zahanati 12, na magereza 3. Hospitali 12! Baadhi ya watu waliokuwa wakilipwa hawakujua mfadhili wao ni nani. Wengine walijua. Montreal, katika Taasisi ya Allan Memorial, Ewen Cameron aliwalaza wagonjwa wake kwa dawa siku nyingi mfululizo, akawapiga umeme, akawasikilizisha kanda zilezile kichwani, na sehemu ya kazi yake ililipwa na CIA. Baadhi ya walioingia pale walikuja na huzuni ya kawaida, wakiwamo kina mama waliochoka baada ya kujifungua. Walikuja kutibiwa.

Basi je, ilifanya kazi? Nilitaka kujua kama mtu wa fani, nikakisoma kitabu cha mwongozo wa mahojiano cha CIA cha mwaka 1963, kiitwacho KUBARK, ambacho kilitolewa hadharani mwaka 1997. Baada ya miaka zaidi ya 10 ya fedha na watu walioharibiwa, mwongozo huo unakubali kwamba hakuna dawa inayoweza kumlazimisha kila mtu atoe kila anachokijua. Watu walionyweshwa dawa huweza kusema uongo, huweza kunyamaza, huchanganya ndoto na kumbukumbu. Na unasema jambo lingine lililonishtua: kidonge cha sukari kinaweza kufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu mtu aliyebanwa anatafuta kisingizio cha kusalimu amri, na akiamini amepewa dawa ya ukweli anaweza kujisamehe. Yaani kilichokuwa kikimfungua kinywa ni kukata tamaa. Barakoa ilikuwa ya kumkatisha tamaa tu.

Wenzangu wengi nikiwasimulia haya huishia hapo. "Kumbe haifanyi kazi," wanasema, wanarudi kwenye chai yao. Mimi siishii hapo. Hata ingefanya kazi, hata kama kila pumzi ingetoa neno la kweli, nisingeweka barakoa usoni mwa mtu ambaye hakuniomba. Mtu anaponiruhusu nimvishe ile plastiki puani na mdomoni, ananikabidhi pumzi zake. Hana la kunidai wala la kunizuia tena. Nimewaona wazee wa miaka 80 wakinishika mkono wakati huo. Yote tunayoweza kuyafanya thieta yamesimama juu ya ile ruhusa, na ikivunjwa mara moja kwa faida ya mpelelezi, kila mgonjwa atakayekuja baadaye ana haki ya kuniogopa.

Na Nairobi si mgeni wa habari hizi. Aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950 aliitwa J. C. Carothers. Mwaka 1954, Mau Mau ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ilimwita aandike ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau, na ikachapishwa na mpiga chapa wa serikali hapahapa Nairobi. Daktari wa akili alipewa kazi ya kueleza kwa nini watu walikuwa wakidai ardhi yao, naye akaeleza kana kwamba ni tatizo la akili zao. Hakutaja tu ugonjwa. Mawazo yake yaliendana na mpango wa kuwahamishia watu kwenye vijiji vyenye ulinzi.

Katika kambi walikofungiwa washukiwa wa Mau Mau, kiini cha kile walichokiita urekebishaji kilikuwa kukiri kiapo cha Mau Mau. Mfungwa aliyekiri alihesabiwa amepona kiasi, akasogezwa kambi nyepesi. Aliyenyamaza aliitwa mgumu, akarudishwa kazini na kipigoni. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, watu 11 walipigwa mpaka wakafa kwa sababu walikataa kufanya kazi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilitoa masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Bibi yangu mzaa mama aliishi katika kimoja cha vijiji vile na hakupenda kusimulia. Alichokuwa akirudia ni kwamba walitaka useme, na ukisema walitaka useme tena.

Ndiyo maana naona Meduna, ARTICHOKE na kambi zile vimekaa kwenye mstari mmoja. Daktari anagundua kwamba kusema kunaweza kumpunguzia mgonjwa mzigo. Hilo ni kweli. Yeyote aliyekaa na mfiwa analijua. Kisha mwenye mamlaka anaiba nusu ya ugunduzi huo. Anasema: kama kusema ni dawa, basi kumlazimisha mtu aseme ni kumtibu. Kutoka hapo mateso yanavaa koti jeupe na watendaji wake wanalala vizuri usiku.

Na uhuru haukukata mstari huo. Katika miaka ya themanini, chini ya jengo la Nyayo House, ambako mtu leo anapanga foleni ya pasipoti, kulikuwa na vyumba vya giza. Manusura wamesimulia hadharani na mahakamani jinsi seli zilivyojazwa maji, na jinsi hewa ya moto, ya baridi au yenye vumbi ilivyosukumwa ndani kupitia matundu ya ukutani. Februari 2003 milango ilifunguliwa umma ukaona. Tangu 2010 Mahakama Kuu imewapa wengi wao fidia, ingawa fidia na malipo ni vitu viwili. Nikisoma ushahidi ule wa matundu ya hewa nasoma kama mtu wa usingizi. Aliyebuni vile vyumba alijua kwamba pumzi ndiyo njia fupi zaidi ya kumfikia binadamu.

Nilimlaza, au tuseme nilitaka kumlaza, mzee mmoja aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Mtu mpole, suti ya zamani iliyopigwa pasi, Biblia ya Kikuyu mfukoni. Tulizungumza vizuri, akatia saini. Nilipomsogezea barakoa ya oksijeni, ile ya kawaida ya maandalizi, aliusukuma mkono wangu kwa nguvu ambazo sikuzitarajia, akaketi, akatapika. Alitetemeka mwili mzima. "Usinifunike mama. Usinifunike." Tulizima taa kubwa, muuguzi akamletea maji. Baadaye alisema tu kwamba aliwahi kufungiwa mahali, zamani, na hewa. Hakusema wapi, na mimi sikumuuliza, maana si kila kinachofungwa kinadai kufunguliwa na mimi. Tulibadilisha mpango. Nikampa sindano ya mgongoni, akawa macho muda wote, akaniimbia wimbo wa kanisani wakati daktari wa upasuaji akishona. Oksijeni nilimpa kwa kimrija cha puani ambacho alikishika mwenyewe kwa vidole vyake, mahali alipotaka.

Siku nzima baada ya hapo nilikuwa nimekasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia mtu nisiyemjua, ambaye miaka mingi iliyopita aliiharibu hewa ya mzee huyu mpaka hata oksijeni safi ya hospitali ikamwogopesha.

Nasikia kwenye matatu, kila kashfa mpya ya pesa za umma inapotajwa redioni, abiria wakisema: wadungwe sindano ya ukweli, tutajua pesa ziko wapi. Hasira hiyo naielewa. Nami ni mlipa kodi. Lakini wakumbuke India. Huko polisi walizoea kupeleka washukiwa wadungwe pentothali, dawa ya usingizi, na chumbani alikuwapo mtaalamu wa usingizi, mtu wa fani yangu, akiangalia mapigo ya moyo huku wengine wakiuliza maswali. Tarehe 5 Mei 2010, katika kesi ya Selvi, Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba hakuna mtu anayeweza kufanyiwa hivyo bila hiari yake. Marekani yenyewe, mwaka 1963, Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya Townsend kwamba maungamo yaliyotolewa kwa dawa ya namna hiyo hayakubaliki. Na sindano hiyo haitaanzia kwa mwizi wa mabilioni, mwenye mawakili sita. Itaanzia kwa kijana wa mtaa wa Mathare aliyekamatwa usiku, asiye na wa kumpigia simu.

Sheria tunayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 25, inataja uhuru dhidi ya mateso miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote ile. Kifungu cha 49 kinasema aliyekamatwa asilazimishwe kukiri. Mwaka 2017 Bunge lilitupa Sheria ya Kuzuia Mateso. Na sisi wa afya tulikatazwa zamani: Azimio la Tokyo la mwaka 1975 la Chama cha Madaktari Duniani linamkataza daktari kushiriki, kukubali, hata kuwapo panapofanyika mateso, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mwaka 1982 kanuni zinazotaja si madaktari tu bali wahudumu wa afya wote. Mimi ni mmoja wao. Muuguzi wa wodi ni mmoja wao. Fundi anayejaza mitungi, kwa maoni yangu, naye asome.

Kinachokosekana ni karatasi ukutani. Nilipomtoa yule afisa sikuwa na kitu cha kumwonyesha zaidi ya sauti yangu na mlinzi mwenye moyo. Muuguzi mdogo wa zamu ya usiku, miezi mitatu kazini, angemwachia. Kwa hiyo nimeandika pendekezo, na kamati yetu ya thieta imekubali kulijadili. Linasema mambo ya kawaida kabisa. Mgonjwa aliye chini ya ulinzi analindwa kutoka nje ya mstari mwekundu. Hakuna simu ya kurekodi katika chumba cha kuamkia. Mtu hahojiwi mpaka aliyemlaza aandike kwenye faili kwamba ameamka kikamilifu, na saa iandikwe. Maneno aliyoyasema akiwa bado na dawa mwilini ni siri ya mgonjwa, hayasimuliwi kwa polisi, kwa jamaa, wala kwenye meza ya chai. Pingu zikiwa lazima, zifungwe mahali ambapo haziwezi kunizuia kumgeuza ubavu akitapika.

Naomba wanaofundisha usingizi katika vyuo vyetu vya tiba waongeze saa moja, moja tu, ya kusoma Azimio la Tokyo pamoja na wanafunzi, siku ileile wanapofundishwa jinsi ya kushika barakoa. Wafundishwe namba za kabonidayoksaidi, na waambiwe pia ni nani aliyewahi kuzitaka na kwa nini.

Kama unafanya kazi thieta mahali popote nchini, na hospitali yenu tayari ina utaratibu wa maandishi kuhusu polisi na chumba cha kuamkia, tafadhali nitumie nakala, ondoa jina la hospitali ukipenda. Kamati yetu inakutana mwisho wa mwezi, na ningependa kuingia mle ndani na mifano mkononi.